Gari la umeme lilitangulia, debe la petroli likashinda

Nimekuwa kimya wiki mbili kwa sababu ya testi, si mnajua mambo ya katikati ya semista. Leo nina hamu ya kuandika historia kidogo, maana Ijumaa pale vimbweta kulikuwa na ubishi wa magari ya umeme na magari ya petroli, karibu uvunje urafiki wa watu.

Upande mmoja walikuwa jamaa wa uhandisi. Wao wanasema petroli inakwenda kuzikwa, na anayenunua gari la injini leo anajinunulia kitu cha makumbusho. Upande wa pili uliongozwa na rafiki yetu ambaye kaka yake anamiliki bodaboda mbili. Huyo anasema gari la umeme ni mdoli wa matajiri, la kutokea Masaki kwenda Mlimani City na kurudi. Walipiga kelele saa nzima. Lakini kuna jambo moja walikubaliana bila kujua: wote walichukulia kwamba gari la petroli ndiye mzee, na gari la umeme ni mtoto aliyezaliwa juzi. Sisi watu wa historia hapo ndipo tunapopata pa kuingilia.

Anzeni na namba hizi. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Zisome tena taratibu. Petroli ilishika mkia! Ungekuwa mtu wa kubahatisha mwaka ule, ukaambiwa uweke pesa yako kwenye gari litakalotawala dunia miaka mia inayofuata, petroli pengine usingeigusa kabisa.

Sasa ilikuwaje aliyeshika mkia akawa mfalme? Nimesoma habari hii kwa muda, na jibu ninaloliona si lile ambalo watu wengi hulitoa. Twende taratibu.

Gari la umeme linaanzia kwenye betri. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya risasi na asidi, yaani babu wa betri iliyopo mpaka leo chini ya boneti ya daladala. Betri za kabla yake zikiisha, zimeisha. Hii ukiilisha umeme nguvu zinarudi. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, akaiboresha, na mwaka huohuo Gustave Trouvé akaendesha kigari cha magurudumu matatu chenye mota ya umeme katika mitaa ya Paris. Hiyo ni miaka mitano kabla ya Mjerumani Karl Benz kuomba hataza ya gari lake la petroli, Januari 1886.

Na hilo gari la Benz watu hawakulikimbilia. Lililolitangaza ni safari ya mkewe. Mwaka 1888 Bertha Benz, bila kumwambia mumewe, alilichukua gari pamoja na wanawe wawili wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, kilomita 100 na ushee. Mama huyu alikuwa fundi kweli: bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta yalipopungua njiani, sheli hakuna, dunia nzima haina hata moja. Akaingia kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch akanunua ligroini, aina ya mafuta mepesi iliyouzwa kwa ajili ya kusafishia. Akamimina, safari ikaendelea. Kishikeni hiki kisa cha duka la dawa, nitakirudia.

Kwenye spidi nako umeme ndio uliokuwa mbele. Mwaka 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alipanda gari lake lenye umbo la risasi ya bunduki akafikisha kilomita 105 kwa saa. Mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani alivuka kwa umeme, bwana. Gari lenyewe aliliita La Jamais Contente, maana yake asiyeridhika kamwe.

Teksi je? London walipata teksi za umeme za Walter Bersey mwaka 1897, na watu wakazipachika jina la ndege wavumaji kwa sababu ya mlio wake na rangi yake nyeusi na njano. New York nayo mwaka huohuo ikaanza kuwa na teksi za umeme. Kampuni yake ilikuwa na kituo ambako betri iliyochoka ilitolewa kwa mashine, ikapachikwa iliyojaa, na gari likarudi barabarani. Kubadilisha betri, jambo linalotangazwa siku hizi kama ubunifu mpya kabisa, lilikuwepo kabla babu zetu hawajazaliwa.

Na katika mji wa wakati ule gari la umeme lilikuwa starehe tupu. New York ilikuwa na farasi zaidi ya laki moja. Nawaachia wenyewe mpige picha ya samadi. Gari la mvuke, maji yalitakiwa yachemke kwanza, na asubuhi ya baridi unaweza kungoja hata nusu saa au zaidi. Gari la petroli lilinguruma, lilitoa moshi, gia zake zilikuwa kesi, na kuliwasha ilibidi upige hendeli kwa mbele. Ukikosea, hendeli inarudi nyuma kwa kishindo na kukuvunja mkono. La umeme unakaa, unasukuma mkono wa kuongozea, linaondoka kimya. Henry Ford mwenyewe, baba wa magari ya petroli, mkewe Clara alikuwa akiendesha Detroit Electric. Nyumbani kwa mfalme wa petroli, malkia anatembelea umeme!

Basi nini kilitokea?

Ukiuliza watu wengi watakujibu: betri zilikuwa dhaifu, magari hayafiki mbali. Ni kweli, ila si kweli yote. Detroit Electric katika jaribio moja lilitembea zaidi ya kilomita 300 kwa chaji moja. Hilo lilikuwa jaribio la kujitangaza, si safari ya kila siku, lakini hata kilomita 100 zilimtosha kabisa mtu wa mjini. Wengi wetu hapa chuoni hatumalizi kilomita 100 kwa wiki.

Sababu ya pili inayotajwa ni bei, na hii ina uzito. Mwaka 1908 Ford alitoa Model T kwa takriban dola 850. Mwaka 1913 akaleta mstari wa kuunganishia, ambapo gari linapita mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulizunguka gari. Kuunganisha fremu moja kulikochukua zaidi ya saa 12 kukashuka mpaka kama saa moja na nusu. Kufikia 1925 Model T lilikuwa chini ya dola 300. Wakati huo gari la umeme lilibaki kutengenezwa kama kabati la seremala, moja moja, kwa ajili ya wenye nazo. Mwaka 1912 la umeme la kawaida liliuzwa dola 1,750 wakati la petroli lilipatikana kwa 650.

Sababu ya tatu ndiyo inayonichekesha kila nikiisoma. Ile hendeli ya kuvunja watu mikono ilikuwa silaha kubwa ya wauza magari ya umeme. Sasa mwaka 1911 mhandisi Charles Kettering akatengeneza stata, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakatoka nayo. Stata ni nini? Ni mota ya umeme inayoendeshwa na betri. Yaani gari la petroli liliazima moyo wa mpinzani wake, likautumia kwa sekunde chache tu za kuwasha, halafu likamuua nao. Mpaka leo, kila asubuhi dereva wa daladala anapozungusha ufunguo, umeme ndio unaoanza kazi.

Lakini bei na stata navyo haviniridhishi peke yake. Bei ingeweza kushushwa kwa umeme pia kama soko lingekuwepo. Mwaka 1914 Ford alitangaza kwamba yeye na Thomas Edison wanaandaa gari la umeme la bei nafuu, lakini halikuingia sokoni. Kwa hiyo swali linabaki: kwa nini soko lenyewe halikuwepo?

Hapa ndipo narudi kwenye duka la dawa. Bertha Benz alipoishiwa mafuta, alipata kitu cha kumimina kwenye mji mdogo tu, kwa sababu mafuta ni kimiminika na kimiminika hukaa kwenye chupa. Chupa haihitaji waya, haihitaji mtambo, haihitaji mtaalamu. Inakaa kwenye rafu inakusubiri. Januari 1901 kisima cha Spindletop huko Texas kilifumuka, na Marekani ikaanza kuogelea kwenye mafuta. Muuza duka wa kijijini aliweza kuleta mapipa mawili matatu akayaweka nyuma ya duka, tayari amekuwa sheli. Wakati huohuo umeme ulikuwa jambo la mjini. Hata katikati ya miaka ya 1930, kati ya mashamba kumi ya Marekani, lililokuwa na umeme lilikuwa kama moja tu. Sasa mkulima wa Iowa anunue gari la umeme alichajie wapi? Kwenye mti?

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Walilinganisha magari yaliyotengenezwa Marekani miaka ile na jinsi nyaya za umeme na barabara zilivyokuwa zikienea. Walichokiona ni kwamba kama umeme ungesambaa miaka 15 au 20 mapema zaidi, watengenezaji wengi wangechagua magari ya umeme. Miaka 15 tu! Maana yake mchezo haukuamuliwa na magari pekee. Uliamuliwa sana na kilichowahi kufika kijijini, waya au pipa.

Na kwetu sisi pipa hilo lina jina. Linaitwa debe.

Leo ukisema debe watu wanafikiria mahindi sokoni, au kura za "kupiga debe" kituoni. Lakini debe la asili ni lile la bati la galoni nne, kama lita 18, ambalo mafuta ya taa na petroli yalikuja nalo kutoka ng'ambo, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, debe likachotea maji, likapimia nafaka, likaezekea nyumba. Ndani ya lita 18 za petroli kuna nguvu nyingi mno. Hata ukitoa sehemu kubwa inayopotea kama joto kwenye injini, betri za risasi za kufanya kazi hiyohiyo zingekuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Debe moja linabebwa kichwani na mtu mmoja. Tani moja ya betri ungeibebaje?

Mfano upo hapahapa. Agosti 1907 ofisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari la petroli akitaka kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Karibu miaka miwili! Vitabu vinamsifu yeye na gari lake, lakini mimi naangalia kitu kingine. Kabla hajaondoka, mafuta yalikuwa yameshatangulizwa na kuwekwa akiba kwenye vituo njiani. Sehemu ambazo gari lilishindwa, watu walilivuta na kulisukuma. Bila migongo na vichwa vya Waafrika waliobeba na kuvuta, gari lile lingebaki pembeni ya njia likiota nyasi. Lakini angalau liliwezekana. Gari la umeme mwaka 1907 lisingevuka hata robo ya safari ile, kwa sababu umeme hauingii kwenye debe.

Kwa hiyo Afrika Mashariki hatukuwahi kuchagua. Magari yalipoanza kuwa mengi kwetu, ubishi wa Ulaya na Marekani ulikuwa umekwisha, na mshindi akaja na madebe yake. Hata lugha ikasajili ushindi huo: tunaita kituo cha mafuta "sheli", jina la kampuni moja likawa jina la kitu chenyewe, mpaka vituo vya kampuni nyingine navyo ni sheli.

Gari la umeme lenyewe halikufa lote. Lilijificha pale ambapo udhaifu wake haukuwa udhaifu. Huko Hartford, Marekani, kampuni ya umeme ya mji iliendesha mpango wa malori ya umeme kuanzia miaka ya 1910 mpaka 1924. Mtu ananunua lori bila betri. Betri ni mali ya kampuni, wewe unalipia kiasi kila mwezi pamoja na umbali uliotembea, ikichoka unabadilishiwa. Malori hayo kwa jumla yalitembea zaidi ya kilomita milioni 9. Uingereza nako, miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na makumi ya maelfu ya vigari vya umeme vya kusambaza maziwa alfajiri, kimyakimya, watu wamelala. Lori la Hartford na kigari cha maziwa vinafanana kwa jambo moja: njia inajulikana, kituo kinajulikana, usiku gari linarudi palepale. Hapo debe halina cha kumzidi mtu. Muweke akilini Bwana Hartford, naye anarudi.

Ushindi wa petroli ulikuja na madeni, na madeni hayo tumeyalipa na sisi ambao hatukuulizwa. Kuanzia 1923 kule Marekani petroli iliuzwa ikiwa imechanganywa na risasi ili injini isigonge, ingawa ilijulikana kwamba risasi ni sumu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Fikirieni watoto wangapi walikua wakivuta hewa ile kando ya barabara.

Deni lingine ni la fedha za kigeni. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, na tena 1979, nchi kama Tanzania ziliumia vibaya. Waulizeni wazee wenu kuhusu marufuku ya kuendesha magari Jumapili mchana. Ukikutwa barabarani bila kibali, una lako jambo. Serikali ilikuwa inahesabu kila lita kwa sababu kila lita ilikuwa dola, na dola ilikuwa kahawa, pamba na katani ya mkulima. Tunazungumzia petroli kama kitu cha sokoni tu, lakini kuna miaka petroli ndiyo iliyoamua dawa zinunuliwe au zisinunuliwe.

Miaka ya 1990 umeme ukajaribu kurudi. Mwaka 1990 jimbo la California liliamua kwamba ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mapya ya makampuni makubwa yawe hayatoi moshi kabisa. General Motors ikatoa EV1 mwaka 1996. Magari 1,117 yalitengenezwa, na hayakuuzwa, yalikodishwa tu. Makampuni yakaibana sheria mpaka ikalegezwa, kisha EV1 zikakusanywa na nyingi zikapondwa. Waliokuwa wakiyatumia walikesha nje ya uwanja yalikohifadhiwa, huko Burbank mwaka 2005, wakiomba wauziwe. Hawakuuziwa. Kumbe unaweza kulipenda gari, ukalilipia kila mwezi, na likapondwa mbele ya macho yako, kwa sababu halikuwa lako.

Kilichogeuza upepo safari hii ni betri ya lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony kwa ajili ya kamera. Ilikua kwenye simu na kompyuta za mkononi, ikashuka bei, ndipo ikahamia kwenye magari: Tesla Roadster mwaka 2008, Nissan Leaf mwaka 2010. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, pamoja na yale yanayochanganya umeme na mafuta ila yanachajiwa kwa waya, yalipita milioni 17, zaidi ya moja katika kila magari matano mapya. Norway, karibu tisa kati ya kumi. Na mwaka huohuo Ethiopia ikapiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi. Ethiopia, si Uswisi! Sababu yao ni ileile ya Jumapili zetu: mafuta yanakula dola, umeme wa maji wanao wenyewe.

Na yule Bwana Hartford? Yupo Kigali na Nairobi. Bodaboda za umeme kule zinafanya kazi hivi: dereva anafika kituoni, anatoa betri iliyochoka, anapachikiwa iliyojaa, dakika chache tu anaondoka. Anamiliki pikipiki, betri ni ya kampuni. Ni ule mpango wa malori wa mwaka 1912, umevaa kofia ngumu ya bodaboda. Na inafanya kazi kwa sababu ileile: dereva wa boda anazunguka mji mmoja, njia zinajulikana, vituo vinajulikana.

Yaani kwa mara ya kwanza tangu Graetz atoke Dar, umeme umepata debe lake. Betri unayoweza kuinyanyua kwa mikono miwili ndiyo debe lenyewe.

Sasa maoni yangu, na mkae mkinipinga. Ubishi wa gari lipi ni bora nauona hauna mwisho, kwa sababu mwaka 1900 nao walibishana hivyohivyo na historia haikuwasikiliza. Swali linaloamua ni nani anayeweka madebe njiani, na kwa masharti gani. Aliyeweka mapipa ya petroli vijijini ndiye aliyechagua gari la karne ya 20. Atakayeweka vituo vya kuchajia na kubadilishia betri ndiye atakayechagua la karne hii, na kwetu kazi hiyo inaanza sasa hivi tukiwa tunaangalia.

Debe la petroli lilikuwa na fadhila moja kubwa: halikuuliza wewe ni nani. Petroli ya sheli hii inaingia kwenye pikipiki yoyote, ya kampuni yoyote. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine mpaka mtu alazimishe ziwe za aina moja. Dereva aliyekopa kununua pikipiki ya umeme, kampuni ya betri ikifunga milango au ikipandisha bei, amebaki na vyuma vya kukalia na mkopo juu. Waliokesha Burbank walikuwa na magari mengine nyumbani. Yeye hana. Hilo ni jambo la serikali kulitungia kanuni mapema, wakati kampuni bado ni changa na zinabembeleza wateja, maana zikishakuwa kubwa zitakuwa hazisikii.

Na jambo la pili, ndugu zangu wa uhandisi msinichukie. Umeme nao una madeni yake. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako watu wanaongea Kiswahili hiki hiki ninachoandika. Wapo wanaochimba kwa mikono, na watoto wamekutwa humo. Kuna betri za chuma na fosfeti zisizotumia kobalti, na zinaenea, hiyo ni habari njema. Ila sisi wenyewe tuna nikeli ya Kabanga na grafiti ya Mahenge zikitakiwa kwa ajili ya betri. Tukizitoa kama mawe na kuzinunua tena kama betri, tutakuwa tumebadilisha tu jina la ile bidhaa inayomaliza dola zetu.

Umeme tunao zaidi ya zamani. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mafuta bado tunayaagiza nje. Kwa hesabu hiyo tu mimi nipo upande wa umeme, tena bila aibu. Lakini sitaki tuupokee kama tulivyoupokea ushindi wa petroli, sisi tukiwa wabebaji wa madebe na mtu mwingine ameshika usukani.

Naomba kuwasilisha. Wenye babu au bibi anayekumbuka zile Jumapili za bila magari, kaeni naye mwandike anachosema, hiyo ni historia na inaondoka. Wiki ijayo nitaandika kuhusu reli, Mungu akipenda na testi zikiniachia nafasi. Alamsiki.